Muziki wa Video za Sadaka: Tuombe Idhini Kabla ya Kuomba Mchango



Ndugu msomaji, kila Ramadhani inapokaribia simu zetu hujaa video fupi za kuomba michango. Hii ni ya kisima, ile ni ya madrasa iliyoezuliwa paa, nyingine ni ya mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki. Vijana wetu wamekuwa mahodari wa kazi hii. Kwa simu moja na jioni mbili hutengeneza kitu ambacho zamani kingehitaji studio na mafundi wake. Maneno huwa yamepimwa, picha huwa safi, na nambari ya kupelekea fedha huandikwa kwa tarakimu kubwa. Jambo moja, hata hivyo, aghalabu halipati nafasi katika kikao cha kamati: ile sauti inayopita chini ya maneno imetoka wapi, na ni mali ya nani?

Swali hili laonekana dogo kando ya njaa na maradhi. Lakini ndani yake mna fedha za wanaohitaji, na mna heshima ya wanaoomba kwa niaba yao.

Tuanze na fedha. Tangu 2007 YouTube inatumia mtambo uitwao Content ID. Wenye haki za nyimbo hukabidhi nakala za kazi zao, na video zinazopandishwa hulinganishwa na nakala hizo. Sauti ikifanana, mwenye haki huchagua: ama video izuiwe, ama iachwe lakini itiwe matangazo ya biashara na mapato yaende kwake, ama iachwe huku yeye akifuatilia tu inavyotazamwa. Mara nyingine dai huja papo hapo, mara nyingine huja baada ya siku kadhaa.

Basi tuifikirie kamati iliyosambaza video yake mwanzo wa kumi la mwisho. Kiungo kimeshafika kwa jamaa wa Mombasa, Malindi, Jeddah na London. Usiku wa ishirini na saba, wakati mikono ya watu imefunguka kuliko siku nyingine zote, aliyeko London anabonyeza na kuambiwa kwamba video haipatikani nchini humo. Wa Malindi anaipata, lakini kabla ya uso wa yatima anaonyeshwa tangazo ambalo hakuna mwanakamati aliyelichagua. Mtambo haukukosea. Haujui sadaka wala yatima. Unajua kwamba sauti ya mtu imetumiwa bila ruhusa yake.

Wako watakaosema kwamba video yao itapita WhatsApp pekee, ambako hakuna mtambo wa kuwakamata. Hapo ndipo tunapofika kwenye heshima. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, ambayo husimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO), inamlinda mtunzi tangu kazi yake inapoandikwa au kurekodiwa, hata kama hakuisajili popote. Na kwa upande wa dini, jambo hili halikuachwa bila jibu. Mwezi wa Desemba 1988, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipitisha kwamba haki za uandishi na uvumbuzi ni haki zinazohifadhiwa na sheria ya Kiislamu, zina thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia. Kwa hivyo anayechukua sauti ya mtu bila idhini hawezi kujificha nyuma ya nia njema. Sote twajua kwamba Mwenyezi Mungu ni mwema na hapokei ila kilicho chema. Itakuwaje basi mlango wa sadaka ufunguliwe kwa ufunguo wa wizi?

Yako mazoea matatu yanayotuliza nyoyo bila haki. La kwanza ni kusema, "Tumechukua sekunde chache tu." Sheria yetu haikutaja idadi ya sekunde ambazo mtu ameruhusiwa kuchukua. La pili ni kuandika chini ya video kwamba haki zote ni za mwenyewe. Kumtaja mwenye nyumba si sawa na kumwomba funguo. La tatu ni kusema, "Sisi hatufanyi biashara." Sheria ya Kenya ina nafasi zake za matumizi ya haki, kama vile utafiti, matumizi ya binafsi, uhakiki na utoaji wa habari za matukio. Kuombea kisima mchango ni jambo tukufu, lakini hilo peke yake haliifanyi kazi ya mtu kuwa halali yetu.

Ili tujue wa kumwomba, yatupasa kufahamu kwamba wimbo mmoja huwa na haki zaidi ya moja. Iko haki ya aliyetunga maneno na tuni, na iko haki ya rekodi yenyewe. Tuchukue mfano tuujuao sote. Maulidi ya Barzanji yaliandikwa na Sayyid Ja'far al-Barzanji, aliyefariki katika karne ya 18. Maneno yake hayana tena mwenye kuyadai, na yeyote aweza kuyasoma. Lakini kikundi cha leo kikiyasoma kwa twari na kurekodi, rekodi ile ni yao, na kwa sheria ya Kenya hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa mtunzi muda ni mrefu zaidi: uhai wake wote, kisha miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Mohamed Juma Bhalo wa Mombasa aliaga dunia 2014; kwa hivyo tuni alizozitunga mwenyewe zitabaki chini ya ulinzi mpaka mwisho wa 2064, na ruhusa yake sasa ni ya warithi wake au ya waliopewa haki hizo. Kuipenda sauti yake tangu utotoni hakutufanyi sisi kuwa warithi.

Kadhalika nashid. Wengi hudhani kwamba kaswida ya kumsifu Mola haina mwenyewe. Ukweli ni kwamba waimbaji kama Maher Zain na Sami Yusuf wametoa kazi zao kupitia kampuni za kurekodi, kama wasanii wengine. Ibada iliyomo katika maneno haiondoi jasho la aliyeyaimba.

Je, ziko njia za halali zisizoitia kamati gharama kubwa? Zipo, na ni nyingi. Watunzi wengi duniani hutoa kazi zao kwa leseni za Creative Commons. Leseni hizi huandikwa kwa herufi, na herufi hizo ndizo za kusomwa kwa makini. BY ina maana kwamba umtaje mtunzi. NC ina maana kwamba usitumie kwa lengo la biashara. SA ina maana kwamba kazi mpya utakayoitengeneza nawe uitoe kwa leseni ileile. ND ina maana kwamba usisambaze kazi iliyobadilishwa. CC0 ina maana kwamba mtunzi ameziacha haki zake kadiri sheria inavyoruhusu.

Hapa pana mitego mitatu. Wa kwanza: chini ya leseni hizi, kuoanisha muziki na picha zinazotembea huhesabiwa kuwa ni kuubadilisha. Kwa hivyo muziki wenye ND haufai kutiwa katika video hata kama hukukata wala kuongeza noti moja. Wa pili: ukitumia muziki wenye SA, video yako nayo hupaswa kutolewa kwa leseni hiyo, yaani mtu mwingine aweza kuinakili na kuibadilisha. Ikiwa ndani yake mna nyuso za watoto, hilo ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Wa tatu: kuwa shirika la hisani hakutoshi peke yake kuifanya kazi iwe nje ya biashara, kwani NC hutazama lengo la matumizi. Video ikibeba nembo ya duka lililofadhili, shaka huingia; ni bora kumwandikia mtunzi na kumuuliza.

Lililo rahisi kwa wengi wetu ni muziki wa BY au CC0. Mmarekani Kevin MacLeod, kwa mfano, ametoa kazi nyingi sana kwa sharti la kutajwa tu. Kumtaja kuna utaratibu wake: jina la kazi, jina la mtunzi, mahali ilipopatikana, na aina ya leseni. Mistari miwili mwishoni mwa video au katika maelezo yake yatosha. YouTube nayo ina maktaba yake ya sauti, ambamo baadhi ya kazi hazihitaji kutaja na nyingine huhitaji. Imeonyeshwa wazi kando ya kila moja.

Ziko pia maktaba za kulipia, zinazojitangaza kuwa ni "bila mirahaba". Maneno haya huwapotosha wengi. Maana yake si bure. Maana yake ni kwamba unalipa mara moja na hudaiwi tena kila video inapotazamwa. Kabla ya kulipa, soma: je, ni kwa video moja au nyingi? Je, yaruhusu video kusukumwa kama tangazo la kulipia? Na muziki unaochaguliwa ndani ya programu kama TikTok hutolewa kwa matumizi ya humo humo. Kuunyofoa na kuupeleka kwingine ni jambo jingine. Akaunti za biashara na mashirika huko hupewa maktaba yao mahususi, iliyo ndogo zaidi.

Baada ya uhalali huja uchaguzi, na hapo busara ya nyumbani yahitajika. Suala la ala wanazuoni wamelijadili karne nyingi, na safu hii si mahali pa fatwa. Pwani yetu yenyewe imebeba mitazamo zaidi ya mmoja. Lamu, katika Msikiti wa Riyadha aliouasisi Habib Swaleh, aliyefariki 1935, maulidi husomwa kwa twari mpaka leo. Na wako majirani zetu wasiopenda kusikia ala yoyote. Anayeomba kwa wote haina budi azingatie masikio ya wote. Sauti ya binadamu pekee, au twari nyepesi, haitamfukuza mtoaji.

Na kisomo cha Qur'ani je? Wengi hukikimbilia kwa kudhani ndicho salama zaidi. Lakini sauti ya kusindikiza ni sauti inayozungumziwa juu yake, ilhali aya ya 204 ya Sura ya Al-A'raf inatuamuru isomwapo Qur'ani tuisikilize na tunyamaze. Tukitaka kisomo katika video, tukipe nafasi yake peke yake, msemaji anyamaze, na msomaji au waliomrekodi wawe wameridhia.

Tena tujihadhari na piano ya huzuni inayomwagwa juu ya uso wa mtoto. Mtoto yule atakua, na siku moja ataiona video hiyo. Mvua inayopiga bati lililotoboka, ndoo inayopokea maji ya kwanza ya kisima, watoto wakirudia herufi mbele ya mwalimu: sauti hizi hurekodiwa kwa simu, na husema kweli kuliko ala iliyokodiwa. Chochote mtakachochagua, kiwe chini. Mwongozo wa kimataifa wa kurahisisha tovuti kwa wenye udhaifu wa kusikia hutaka sauti ya nyuma iwe chini ya msemaji kwa angalau desibeli 20. Mabibi na mababu zetu, ambao aghalabu ndio watoaji wakubwa, watashukuru.

Njia iliyo bora kuliko zote iko mlangoni petu. Mji gani wa pwani usio na kikundi cha kaswida, au mzee apigaye udi jioni? Waombeni wawarekodie dakika mbili. Lakini hata kwa jirani, andikeni. Karatasi moja yatosha: nani katunga, nani kaimba, sauti itatumika katika video gani na wapi, kwa muda gani, na kwa malipo au kwa hisani. Waimbaji wakiwa watoto, wazazi watie sahihi. Binti wa madrasa aliyeimba bure kwa ajili ya kisima asije akasikia sauti yake katika tangazo la saruji.

Mwisho, kamati imteue mtu mmoja wa kutunza jalada. Ndani yake aweke jina la kila sauti iliyotumiwa, ilikotoka, nakala ya leseni yenye tarehe, na risiti kama ililipiwa, kwa kuwa kurasa za mtandao hubadilika. Dai likija, jalada hilo ndilo jibu. Wahenga wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ya kuchukuliwa bila kuazimwa itasitiri nini? Barua fupi ya kuomba ruhusa huandikwa kwa robo saa, na watunzi wengi, wakijua ni kwa ajili ya mayatima, hujibu kwa moyo mkunjufu. Nao huwa wameshiriki katika sadaka kwa radhi yao.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.