Milio ya Angani

Tukitazama mbingu usiku twadhani kwamba huko juu ni kimya tu. Sivyo. Kuna mawimbi ya redio yasiyorushwa na mtu yeyote, nayo yamejaa pande zote za dunia yetu. Sikio peke yake haliwezi kuyasikia. Yataka mashini ya kuyageuza kuwa sauti.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Mdachi mmojawapo, Heinrich Barkhausen, alikuwa akinasa maneno ya simu za adui. Mara akasikia mluzi mrefu, ukianza kwa sauti nyembamba na kushuka hata sauti nene. Mluzi huo watoka wapi? Jibu kamili lilipatikana mwaka 1953, kwa kazi ya Owen Storey, mwanafunzi wa Cambridge, Uingereza. Alionyesha ya kuwa mwenye kupiga mluzi ni radi. Umeme wa radi hutoa mawimbi; mengine hupanda juu sana, yakafuata njia za nguvu ya sumaku ya dunia, yakashuka upande wa pili wa ikweta. Yale ya sauti nyembamba huenda mbio zaidi, kwa hiyo hufika kwanza.

Tarehe 30 Agosti 1912 hakuna aliyeota jambo hili. Miaka 100 baadaye, tarehe 30 Agosti 2012, Wamarekani walirusha vyombo viwili, Van Allen Probes, vikasikilize huko huko juu. Hata mwaka 2019 vilizunguka ndani ya mikanda ya mnururisho, ile iliyogunduliwa mwaka 1958 na James Van Allen. Vilinasa milio mingine, mifupi yenye kupanda, mfano wa ndege waliapo alfajiri. Wataalamu waiita kwaya.

Lakini kwaya hii ina hatari yake. Mawimbi yake husukuma elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme, hata zikakaribia mbio za mwanga. Chembe hizo hupenya ndani ya setelaiti na kuharibu mashini zake. Nazo setelaiti ndizo zituleteazo habari za mvua na picha za televisheni. Basi kuisikiliza kwaya ni kujua hatari kabla haijafika.

Ninyi wanafunzi, angalieni: elimu hii yote ilianza kwa mluzi uliosumbua simu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.