Miaka 50 ya Msumari wa Dhahabu

Agosti 2022 ilitimia nusu karne tangu wanajiolojia wa dunia, katika mkutano wao mkuu mjini Montreal, Kanada, waafikiane pa kutenganisha kipindi cha Siluria na kile cha Devonia. Walichagua tabaka moja la chokaa, tabaka namba 20, kwenye genge la Klonk, kusini-magharibi mwa Prague. Humo ndimo kisukuku kiitwacho Monograptus uniformis kinamojitokeza kwa mara ya kwanza. Umri wa mpaka huo ni takriban miaka milioni 419, na unatumika duniani kote.

Uamuzi wa Klonk ulizaa utaratibu unaosimamiwa hadi leo na Kamisheni ya Kimataifa ya Stratigrafia. Kila mpaka wa wakati uwe nukta moja, ndani ya mwamba mmoja, mahali panapofikika na mtafiti wa taifa lolote. Nukta hiyo huitwa msumari wa dhahabu, ingawa dhahabu haimo na mara nyingi hata msumari wenyewe haupo. Mipaka zaidi ya 70 imekwisha kuwekwa kwa njia hii. Kamisheni inastahili pongezi zetu.

Anayedhani hii ni kazi ya makarani tu aitazame karne ya 19. Mwaka 1835 marafiki wawili, Adam Sedgwick na Roderick Murchison, walitangaza vipindi vya Kambria na Siluria kutokana na miamba ya Wales. Mmoja alianza chini akipanda, mwenzake juu akishuka. Walipokutana katikati, matabaka yaleyale yakawa na wenyewe wawili. Urafiki ulivunjika, na wote wawili walifariki shauri likiwa halijaamuliwa. Ni Charles Lapworth, mwaka 1879, aliyeyapa matabaka yaliyogombewa jina la tatu: Ordovisia.

Kamisheni ilijifunza kutokana na ugomvi huo. Haitangazi mwanzo na mwisho wa kipindi. Hutangaza mwanzo pekee, na mwanzo wa kinachofuata ndio mwisho wa kilichotangulia. Hapabaki pengo, wala matabaka hayagombewi tena. Pendekezo hupita ngazi kwa ngazi, likihitaji asilimia 60 ya kura, kisha huidhinishwa na Umoja wa Kimataifa wa Sayansi za Jiolojia. Likipita, haliguswi kwa miaka 10.

Lakini nukta ya Klonk ingekuwa na faida gani kwa mtu aliye Lindi? Faida huja pale miamba ya mbali inapolinganishwa nayo, na hapo Afrika Mashariki ina mchango wake. Mpaka wa Eosini na Oligosini umewekwa Massignano, Italia, pale jamii ya Hantkenina, viumbe wadogo wa baharini wenye miiba, inapotoweka miaka milioni 33.9 iliyopita. Watafiti waliochoronga udongo wa mfinyanzi mkoani Lindi, wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, waliwaona viumbe haohao wakitoweka ndani ya sampuli zao.

Olduvai nayo imeipa sayansi jina. Lava yake ilihifadhi kipindi kifupi ambacho sumaku ya dunia ilielekea kama ilivyo leo, katikati ya zama ndefu ilipokuwa imegeuka. Wanajiolojia wa kila bara hukiita kipindi hicho Olduvai. Mpaka uliowekwa mwaka 1985 huko Vrica, kusini mwa Italia, uko karibu kabisa na kikomo chake.

Njia ya Kamisheni haikuwa laini. Mwaka 2004 kipindi cha Kwaternari kiliachwa nje ya jedwali jipya la wakati, na wataalamu wake wakaja juu, kwa haki kabisa. Suluhu ilipatikana mwaka 2009, kipindi hicho kilipothibitishwa kuanza miaka milioni 2.58 iliyopita. Chombo kinachokubali kusahihishwa hadharani ndicho cha kuaminiwa.

Kazi haijaisha. Mpaka wa Jura na Kretasia haujapata msumari hadi sasa, licha ya miongo ya mjadala. Tendaguru, mkoani Lindi, maarufu kwa mifupa ya dinosau iliyochimbwa na Wajerumani kuanzia 1909, ina matabaka ya pande zote mbili za mpaka huo. Barani Afrika, Tunisia na Misri zimekwisha kupata misumari. Afrika Mashariki haina hata mmoja.

Kwa hiyo tunazitaka serikali za ukanda huu zilinde Tendaguru na magenge mengine kama zinavyolinda mbuga, zitunze sampuli za uchorongaji badala ya kuziacha zioze maghalani, na zigharamie vijana wetu kushiriki katika kamati za Kamisheni. Bajeti ijayo ianze na sampuli.