Bibokoboko: Mbwa wa uwindaji akiuma, aulizwe mwenyewe

Katika milima ya Bibokoboko, juu ya muji wa Baraka, teritware ya Fizi, mashamba, malisho ya ng'ombe na pori la kuwindia vinagusana. Mbwa anayefukuza nyama ya pori anaweza kutokea ghafla katikati ya ndama wa jirani, au mbele ya mtoto anayetoka kuteka maji. Akiuma, neno la kwanza kusikika ni "auawe". Ni hasira ya haki, lakini inamwacha mwenye mbwa akae kimya nyumbani kwake.

Ukali huo mara nyingi hutengenezwa. Wako wawindaji wanaoamini kwamba mbwa mwenye njaa anawinda vizuri, wengine wanampa pilipili awe mkali. Matokeo yake ni mbwa anayelinda hata kipande cha bugali kwa meno. Apewe chakula kila siku, na baada ya uwindaji kila mbwa apate fungu lake mbali na wenzake, maana vita vingi vya mbwa vinaanzia pale kwenye matumbo ya nyama. Mtoto wa mbwa azoeshwe watu, mbuzi na ng'ombe kabla ya kufikisha miezi mitatu. Baadaye ni kazi ngumu. Na akinguruma asipigwe: anatoa onyo, na akifundishwa kunyamaza atauma bila kuonya. Mbwa wa kienyeji wa misitu ya Kongo hubweka kidogo, ndiyo sababu huvalishwa kengele ya mti wakiwa porini. Kwa nini waivuliwe wanapopita malishoni, mahali mchungaji anahitaji zaidi kuwasikia?

Sheria haikunyamaza. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, artikle ya 261, inasema mwenye mnyama, au anayemtumia, anajibu hasara aliyoileta, hata kama mnyama alikuwa ametoroka. Basi "mbwa alikata kamba" si jibu. Na hapa jibu linahitajika haraka. Mwaka wa 2021 nyumba zilichomwa Bibokoboko na wakaaji wakakimbia. Wizi wa ng'ombe umechochea uhasama katika milima hii mara nyingi. Ndama aliyeraruliwa, akikosa mtu wa kumlipa, anaweza kugeuzwa kuwa jambo la kabila na kabila. Muwindaji anayekuja mwenyewe kulipa, mbele ya chifu, anazima moto huo kabla haujawaka.

Kuua mbwa upesi kuna hasara nyingine. Kichaa cha mbwa, dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa aliyeuma, akifungwa na kuangaliwa siku 10 akabaki mzima, hakuwa na ugonjwa huo mateni siku ile. Akizikwa jioni hiyo hiyo, hakuna wa kuangaliwa. Aliyeumwa hangoji siku hizo: kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ile ile kuulizia chanjo.

Lakini wawindaji peke yao hawatoshi. Ili ugonjwa ukatike, mbwa 70 kwa kila 100 wanapaswa kuchanjwa. Chanjo ya mbwa inataka baridi, na kutoka Baraka hadi Bibokoboko ni kupanda mulima. Idara ya mifugo ingeweza kuchagua siku ya soko, wawindaji wanaposhuka, na machifu wakatangaza wiki moja mbele kwamba kila mmoja aje na mbwa wake kwenye kamba.