Ziwa Kariba na Wenyewe Waliohamishwa



Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Jumapili hii na tuutazame usemi huo ulivyotimia katika bonde la Mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, ambako liko Ziwa Kariba. Kwa wingi wa maji, hilo ndilo ziwa kubwa kupita yote yaliyofanywa na binadamu. Urefu wake unazidi kilomita 200, na ukuta wa zege unaoyazuia maji yake una kimo cha mita 128. Mto ulizibwa Desemba 1958, enzi za Shirikisho la Rodeshia na Nyasa, na ziwa likaendelea kujaa hata mwaka 1963.

Leo wageni hulijia ziwa hilo kwa starehe. Hukodi mashua zilizojengwa mfano wa nyumba, zenye vyumba na jiko, wakalala majini siku kadhaa. Huvua samaki mwenye meno makali aitwaye tiger, na jioni huwatazama tembo wakishuka ufukweni kunywa maji. Kwa miaka mingi kivuko kimechukua abiria na magari kati ya mji wa Kariba na Mlibizi, safari ya saa 22 hivi, kikiwapunguzia wasafiri mwendo mrefu wa barabara.

Hata hivyo, nahodha wa huko hana budi kuwa macho. Sehemu za msitu zilifyekwa kabla ya mafuriko, lakini miti mingi iliachwa, nayo ingali imesimama, mingine ikichomoza na mingine ikijificha chini tu ya uso wa maji, tayari kutoboa chombo. Wala asijitie mtu kuogelea, kwa maana mamba na viboko ni wengi.

Miti hiyo, msomaji, ilikuwa na wenyewe. Kando ya mto waliishi Watonga, wakilima mashamba yaliyorutubishwa na maji ya mafuriko kila mwaka. Wapatao 57,000 waliondolewa, pande zote mbili za mto. Hawakuulizwa kama wanataka, waliambiwa wahame. Huko Gwembe, kaskazini ya mto, wako waliokataa, na Septemba 1958 wanane kati yao waliuawa kwa risasi za polisi. Wengine walipakiwa katika malori, wakashushwa kwenye ardhi kavu, mbali na makaburi ya wazee wao.

Wakati huohuo ulimwengu ulikuwa ukisimuliwa habari za wanyama. Askari wa wanyamapori, wakiongozwa na Rupert Fothergill, waliwaokoa wanyama zaidi ya 6,000 kutoka visiwa vilivyokuwa vikizama. Ilikuwa kazi njema na ya ushujaa. Lakini inahuzunisha kwamba sifa za swala aliyeokolewa zilienea mbali kuliko kilio cha mama aliyeacha shamba lake.

Umeme wa Kariba ulipelekwa migodini na mijini, huku vijiji vingi vya Watonga vikikaa gizani kwa miongo kadhaa. Na umeme huo nao si wa milele: mwishoni mwa mwaka 2022, na tena mwaka 2024, ukame uliyapunguza maji mno, nyumba za Zambia na Zimbabwe zikakosa umeme saa nyingi kwa siku.

Lipo jambo moja linalotuunganisha sisi na ziwa hilo. Mwaka 1967 na 1968 dagaa wa Ziwa Tanganyika walipandikizwa Kariba, wakazaana sana. Huko huitwa kapenta, nao huvuliwa usiku kwa taa, kama wavuvi wa Kigoma wafanyavyo. Wamekuwa kitoweo cha maelfu ya jamaa.

Basi mzazi, siku utakapoketi na wanao mezani chini ya taa ya umeme, wasimulie habari hizi. Wafahamu kwamba maendeleo ni mema, ila yana mwenye kuyalipia. Na ni haki mlipaji huyo aulizwe mapema, kisha apewe fungu lake la kwanza, si makombo. Taa isiyowaka nyumbani kwa aliyetoa ardhi yake ni deni lisilolipwa.

Tukutane Jumapili ijayo.