Mwili uliochoka si mwili mvivu: somo la Léopards kwa makanisa yetu

Tarehe 6 mwezi wa kwanza 2026, huko Rabat, Léopards wetu walitolewa na Aljeria katika Kombe la Afrika. Dakika 90 zilikwisha bila goli. Muda wa nyongeza nao ulikuwa unaisha, watu wakijiandaa kwa penalti, ndipo Adil Boulbina akafunga katika dakika ya 119. Tangu siku ile, hapa Nyunzu tumesikia maneno mengi: wachezaji hawana moyo, hawapendi nchi, kocha hajui kazi, na wengine wameingiza hata uchawi. Ndugu na dada, tunapenda kutazama jambo moja ambalo halikusemwa sana, nalo ni uchovu.

Tuhesabu mechi

Tarehe 13 mwezi wa 11, 2025, Léopards waliifunga Kamerun 1-0, kwa goli la nahodha Chancel Mbemba katika dakika za majeruhi. Siku tatu baadaye walikutana na Nijeria: dakika 120, kisha penalti, na Mbemba tena ndiye aliyepiga ile ya ushindi. Kila mmoja akarudi kwenye klabu yake kuendelea na kazi. Tarehe 23 mwezi wa 12 wakaanza Kombe la Afrika na Benin, tarehe 27 Senegali, tarehe 30 Botswana, kisha Aljeria. Mechi nne katika siku 15.

Mwaka 2024 kule Côte d'Ivoire ilikuwa zaidi: mechi saba katika siku 25, na ile ya Misri ilifika dakika 120 na penalti. Tulifurahi kufika nusu fainali. Lakini katika mechi mbili za mwisho hatukupata goli hata moja katika mchezo.

Hatusemi uchovu ndio sababu pekee. Waaljeria nao walikimbia dakika zile zile. Lakini aliyetufunga alikuwa mchezaji wa akiba aliyeingia mwishoni, na miguu yake ilikuwa bado mizima mbele ya watu waliokimbia kwa saa mbili.

Mwili unavyofanya kazi

Mchezaji wa kati hukimbia kilomita 10 hadi 12 katika mechi moja. Tena si mwendo mmoja kama wa mtu anayekwenda shambani: anatoka mbio, anasimama ghafla, anageuka, anaruka. Nguvu hiyo inatoka katika sukari ambayo misuli imeiweka akiba kutokana na bugali, mchele au muhogo uliokuliwa kabla. Kuelekea mwisho wa mechi akiba hiyo inapungua sana. Jasho nalo linatoa maji. Kijana wa kilo 60 akipoteza maji kiasi cha lita moja na kidogo, nguvu zake na akili yake ya mchezo huanza kushuka. Baada ya mechi ngumu, misuli inahitaji siku mbili hadi tatu ili kurudia hali yake.

Wakubwa wa mpira wamelikubali jambo hili katika sheria. Tangu 2020 ekipe inaruhusiwa kubadilisha wachezaji watano badala ya watatu, na mwaka 2022 ruhusa hiyo ikawa ya kudumu. Kwa Kombe la Dunia la 2026 iliamuliwa mchezo usimame dakika tatu katika kila kipindi ili wachezaji wanywe maji.

Tukumbuke pia Marc-Vivien Foé wa Kamerun. Tarehe 26 mwezi wa 6, 2003, huko Lyon, alianguka katikati ya kiwanja bila kuguswa na mtu, akafa akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha kwamba moyo wake ulikuwa na ugonjwa ambao haukujulikana. Kwa hiyo kijana akianguka peke yake kiwanjani, tusiseme ni mvivu, wala tusitafute aliyemroga. Apelekwe kwa muganga wa kituo cha afya mara moja.

Na vijana wa Nyunzu?

Léopards wana madaktari, chakula kizuri na kitanda kizuri. Kijana wetu anaamka saa kumi na moja, anashika jembe au anaingia katika machimbo, anarudi kwa miguu, na saa tisa yuko kiwanjani chini ya jua. Mara nyingi anakula mara moja tu kwa siku, bugali na sombe ya jioni. Mwingine ametoka kitandani kwa malaria juzi tu. Nasi makanisa tunapanga mashindano ya Pasaka au ya likizo kubwa, tunataka yaishe kwa siku tatu, na ekipe moja inacheza mara mbili kwa siku. Akishindwa kukimbia, tunamzomea.

Hapa kwetu jambo hili linagusa amani. Tangu vita kati ya Watwa na Waluba ilipovunja uaminifu katika vijiji vyetu, mpira umebaki moja ya mahali pachache ambapo watoto wa pande zote mbili wanakimbilia kitu kimoja. Mtu aliyechoka anachelewa kuufikia mpira, anapiga mguu wa mwenzake, na hasira yake iko karibu. Ugomvi wa vijana wawili unaweza kuwa ugomvi wa jamaa mbili kabla jua halijazama. Anayepanga mechi bila pumziko anaweka moto karibu na majani makavu.

Neno la Mungu linatusaidia. Eliya alipochoka hata akaomba kufa, malaika hakumhubiria kwanza. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Wafalme 19). Yesu aliwaita mitume wake wapumzike, wakati watu wengi walikuwa bado wanawahitaji (Marko 6). Na sheria ya Sabato katika Kutoka 23 inamtaja ng'ombe, punda, mtoto wa mjakazi na mgeni: wale wasio na sauti ya kuomba pumziko ndio Mungu aliowaombea. Tuache basi kuhubiri kana kwamba anayepumzika hana imani.

Tunayoweza kufanya

Hakuna haja ya kungoja msaada kutoka mbali. Ekipe isicheze zaidi ya mechi moja kwa siku, na ipate siku ya kupumzika katikati. Mechi zianze saa kumi, jua likipungua. Turuhusu kubadilisha wachezaji wengi. Kila kipindi tusimamishe mchezo wanywe maji yaliyochemshwa. Aliyetoka jasho jingi apewe lita moja yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Wale chakula saa tatu hivi kabla ya mechi, hata kama ni muhogo. Mwenye homa asicheze, wala asipewe vidonge vya kuficha maumivu ili amalize mechi. Na mama zetu wanaobeba maji na kupika siku hizo za mashindano, nao wapangiwe zamu, kwa sababu miili yao ni ya udongo ule ule.

Mwezi wa tatu 2026 Léopards walipangiwa kwenda Mexico kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia, ambalo nchi yetu ilifika mwaka 1974, ilipoitwa Zaïre. Tuwaombee ushindi, tuwaombee na afya. Na kabla ya likizo ya Pasaka, kila kamati ya vijana iketi na ratiba yake mkononi, ihesabu siku za kupumzika. Kama hazimo, ratiba iandikwe upya.