Kuuliza si Ujinga: Mlio wa Gari

Mwenye gari akisikia mlio mgeni, mara nyingi hufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama huongeza sauti ya redio asiusikie, ama hukimbilia gereji na kumwambia fundi, "Gari linalia." Yote mawili huleta hasara. Mlio ni kama maumivu ya mwili. Daktari hawezi kuyatibu vema mpaka mgonjwa aeleze yanamshika wapi, na wakati gani.

Mkulima mmoja wa Kinangop ana pikapu ambayo huchukulia viazi kwenda Naivasha. Siku moja alisikia kitu kinagonga upande wa nyuma, ko, ko, ko, gari likienda polepole. Fundi wa kwanza hakuuliza neno. Alichungulia chini ya gari, akasema shokabzoba ya kushoto imekufa, akatia mpya. Mlio haukuondoka. Fundi wa pili alisema difu imekwisha, na ya kuwa yapasa kununua nyingine. Fedha aliyotaja ilikaribia mapato ya msimu mzima.

Kabla ya kulipa, mkulima yule alikwenda kwa fundi mzee aliyejulikana sana katika soko lile. Mzee hakufungua hata sanduku lake la spana.

"Kinagonga gari likiwa limesimama, bwana, au likienda?"

"Likienda tu, Mzee."

"Na likienda bila gia?"

"Sijajaribu."

Basi mzee akachora alama ya chaki juu ya tairi ya nyuma, akaamuru injini izimwe, na vijana walisukume gari polepole mahali palipo tambarare. Yeye alitembea kando yake, macho kwenye chaki. Kila alama ilipofika chini, ko!

"Kama ingekuwa propela shafti," akasema, "ingegonga mara tatu au nne gurudumu likizunguka mara moja, maana shafti huzunguka upesi zaidi. Hiki chagonga mara moja tu. Ni gurudumu lenyewe. Je, lilifunguliwa lini?"

Ndipo mkulima akakumbuka. Siku mbili kabla ya mlio kuanza, tairi ile ilipata pancha usiku, mvua ikinyesha. Alifunga nati upesi upesi, gari likiwa bado juu ya jeki, wala hakuzikaza tena lilipotua chini. Kifuniko cha rimu kilipoondolewa, nati zote zilikuwa zimelegea, moja imekwisha anguka, na matundu ya rimu yameanza kupanuka. Katika hali hiyo gari lilikuwa limeteremka mara tatu na magunia ya viazi, na juu ya magunia wameketi wachukuzi wawili. Dawa ilikuwa rimu nyingine, na bolti na nati mpya. Difu haikuwa na ubaya wowote.

Mzee yule hakuwa mganga. Alijua tu mambo ya kuuliza, na mwenye gari yeyote aweza kujifunza hayo.

La kwanza, je, mlio wafuata injini au wafuata magurudumu? Ukibadilika injini inapoongezwa mafuta hali gari limesimama, ubaya umo katika injini, au katika vitu vinavyozungushwa nayo, kama feni na mkanda wake. Usiposikika mpaka gari liende, yafaa kutazama magurudumu, breki, springi, na vyombo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu. Gari laweza kuachwa liende kidogo bila gia ili kusikiliza, lakini mahali tambarare pasipo na magari mengine. Kamwe lisifanywe jambo hilo kwenye mteremko, kwa maana injini haisaidii tena kulizuia gari, na breki zikipata moto sana hushindwa kushika.

La pili, je, mlio wabadilika mguu ukikanyaga klachi? Gari likisimama bila gia, mlio unaoanza klachi inapokanyagwa huelekeza kwenye beringi ya klachi. Unaonyamaza inapokanyagwa huelekeza kwenye gia boksi.

La tatu, je, wabadilika kwenye kona? Beringi ya gurudumu iliyochoka huvuma kama nyuki, na mvumo huongezeka pamoja na mwendo. Gari likipinda kulia, uzito huegemea upande wa kushoto. Mvumo ukizidi hapo, beringi ya kushoto ndiyo ya kushukiwa kwanza.

La nne, ni kitu gani kilichotengenezwa mwisho? Swali hili ndilo lililookoa wachukuzi wale wawili.

Tena si kila mlio ni msiba. Katika barabara za murramu, kijiwe kilichonaswa katika tairi hulia ti, ti, ti, na changarawe iliyoingia kati ya diski ya breki na bati lake hukwaruza kwa ukali wa kutisha. Lakini iko milio mitatu isiyongojea kesho: kugonga kwa sauti nzito ndani ya injini, hasa taa ya oili ikiwaka, chuma kusaga chuma breki zinapokanyagwa, na gurudumu kugonga. Hapo gari lisimamishwe papo hapo, mahali pa salama, na injini inayogonga izimwe.

Ingefaa kila mwenye gari awe na daftari dogo la kuandika mlio ulianza lini, kwa mwendo gani, injini ikiwa baridi au moto, na kazi gani ilifanywa kabla yake. Fundi mwema atashukuru kulisoma, na yule apendaye kubahatisha atajua kwamba mwenye gari yuko macho.

Mkulima wa Kinangop sasa ana desturi moja zaidi. Kila gurudumu lifunguliwapo, hukaza nati gari likiwa chini, kisha huzikaza tena baada ya kwenda kilomita 50 hivi. Kazi hiyo huchukua dakika chache, wala haina gharama.