FUNDI, KABLA HUJAPIGA WINDOWS ULIZA KWANZA!

Wadau, hii tabia ya mafundi kompyuta wa mtaani inabidi isemwe wazi, watakaonuna wanune. Kompyuta ikigoma kufungua programu, wao dawa ni moja tu: kupiga Windows upya. Flashi imeleta virusi, piga Windows. Mashine nzito, piga Windows. Ni sawa na daktari anayekata mguu kila akiona kidonda.

Kuna prodyuza mmoja Kilosa, jina kapuni. Anarekodia chumbani kwake, kompyuta ya mezani imechoka, bado inatumia Windows 7 ambayo Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia Januari 2020. Siku moja mdogo wake katika kubofya-bofya akaiambia mashine ifungue kila kitu kwa Notepad. Basi ikawa balaa. Ikoni zote sura moja, ukibofya programu ya muziki inakuja Notepad imejaa maandishi ya kichawi.

Ndani ya mashine ile kulikuwa na nyimbo 8 za kwaya ya akina mama. Sauti zote zimeshaingia, imebaki kuzichanganya tu. Akina mama walichangishana wakatoa malipo ya awali, na wengine hiyo hela ni ya vitumbua, siyo ya mishahara.

Jamaa akafunga mashine kwenye kitenge, safari mpaka Mikumi kupitia Ulaya (Ulaya ya Kilosa, siyo ile ya kupandia ndege). Pale Mikumi kuna fundi ana jina kubwa, kibanda chake hakikosi foleni. Hakuuliza una nini humu ndani. Hakuuliza ilianza lini. Akafuta diski nzima, C na D, akapiga Windows, akachukua elfu ishirini yake. Halafu kwa ukarimu akamjazia muvi za Kikorea za bure.

Hizo muvi ndizo zilizomaliza kabisa. Faili likifutwa huwa halipotei hapo hapo, linabaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Prodyuza angeizima mashine mapema, huenda programu ya kurudisha mafaili ingeokoa hata nyimbo tatu nne. Sasa juu ya sauti za wale mama amekaa Mkorea analia na mpenzi wake.

Na tatizo lenyewe lilikuwa dogo jamani! Ukiona programu zote zinafunguka kwa kitu kimoja, mashine haijafa, imesahau tu nani anafungua nini. Tengeneza akaunti nyingine ya mtumiaji kwenye mashine hiyo hiyo. Programu zikifunguka kule, ujue kilichoharibika ni mipangilio ya akaunti ya kwanza, na inarekebishika bila kugusa faili hata moja. Ikigoma, washa kwa Safe Mode uone kama kuna kirusi kinazuia. Au irudishe mashine kwenye siku iliyokuwa nzima kwa System Restore, ambayo haigusi nyimbo wala picha zako. Angalia na nafasi ya diski, maana C ikijaa pomoni programu nazo zinagoma. Yote hayo hayamalizi nusu siku.

Ila kuna siri hapa. Kurekebisha mipangilio dakika kumi mteja hatakubali kulipa elfu ishirini, ataona kaibiwa. Kupiga Windows kunaonekana kazi: skrini ya bluu, asilimia zinapanda, fundi kakunja uso. Hela inatoka bila ubishi. Na wateja nao wamechangia, wanalipia muda badala ya kulipia akili.

Wapo watakaosema prodyuza mzembe, angeweka nakala kwenye flashi. Kweli, na yeye ana lake la kujibu. Lakini swali la "kuna kitu cha muhimu humu?" linachukua sekunde tatu, na aliyeshika bisibisi ndiye wa kuliuliza.

Akina mama wameambiwa warudi kurekodi upya. Aliyekuwa anaongoza nyimbo tatu ameshahamia Ifakara kwa mwanae, waliobaki wanataka hela yao, prodyuza hana, na kibanda cha Mikumi foleni iko pale pale.

Wadau wa Kilosa na Mikumi, fundi airudishe ile elfu ishirini au asirudishe?